Waliosimama Ngomeni

Jua lilikuwa linazama Mama Pasi alipotoka kazini, miguu imemvimba, viatu kavikanyaga visigino kama malapa. Jina hilo la Mama Pasi alipewa na wenzake wa chumba cha kufulia cha hospitali, kwa sababu kazi yake ilikuwa hiyo moja: kunyoosha mashuka, asubuhi mpaka jioni, wima. Kwake yeye, kukaa kulikuwa starehe. Wengine hutamani nyumba ya ghorofa, yeye alitamani kiti.

Lakini jioni ile hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alikuwa na safari ya gatini.

Wazo halikuwa lake. Mdogo wake wa kiume, fundi simu mwenye maneno matamu, ndiye aliyeandika kwenye kundi la familia: "Twendeni ngomeni kisiwani, siku moja tu, tumtoe mama apate upepo." Ndugu wote wakapiga makofi, wakatuma vidole gumba na maua. Halafu kimya. Nani atatafuta boti? Nani atauliza kama kuna kivuli, kama kuna choo, kama ngazi za ngome mtu mzima anazipanda? Kila mmoja akajifanya hamnazo. Kazi ikamwangukia dada mkubwa, kama kawaida.

Naye hakuweza kukataa, maana mama mwenyewe alikuwa anaishi kwake. Tangu walipomzika baba, mama alikuwa anakaa tu. Anakaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, anatazama ukuta. Chakula analetewa, nguo anavishwa. Mume wa Mama Pasi alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kuonekana nyumbani kama mgeni. Kwa hiyo mzigo wote ulikuwa wake peke yake.

Ofisi ya boti ilikuwa kibanda cha mabati mwisho wa gati. Mlangoni palikuwa na benchi. Ndani, nahodha alikuwa anaongea na simu, akamwashiria asubiri. Mama Pasi akakaa. Akafumba macho. Akaachia pumzi.

"Dada…"

Akafumbua macho.

Mbele yake alisimama mwanamume mwembamba, amevaa koti refu lililofifia, vifungo vyake vimeota ukungu wa kijani. Alisimama wima mno. Mkono wa kulia alikuwa ameukunja begani, kama mtu aliyebeba kitu ambacho hakipo. Maji yalikuwa yanamtiririka kutoka kwenye buti. Alinuka chokaa mbichi, na harufu nyingine ambayo Mama Pasi aliijua vizuri: mashuka yaliyosahaulika kwenye maji kwa siku nyingi.

"Dada… nimechoka."

"Nani hajachoka, kaka yangu?"

"Nimesimama sana."

"Tangu asubuhi?"

Mtu yule akatikisa kichwa, polepole. "Tangu waliposema wanakuja kunipokea zamu."

Mama Pasi akacheka kidogo kwa uchungu. Wachelewaji wa zamu aliwajua. Akamwonea huruma, maana uso wa yule mtu ulikuwa umechoka hadi ulikuwa hauna umri. Akajikokota, akainuka.

"Njoo ukae, bwana. Mimi nitasimama."

"Umesema mwenyewe?"

"Nimesema. Kaa."

Mtu akakaa. Magoti yakalia… ko… ko… kama mlango uliofungwa miaka mingi. Akatoa pumzi ndefu. Ndefu sana. Haikuwa na mwisho.

"Mama, karibu!" nahodha akaita, akichungulia mlangoni. "Mbona umesimama na benchi lipo?"

Mama Pasi akageuka.

Benchi lilikuwa tupu. Limelowa.

Akajiambia mtu yule ameondoka zake. Akaingia ofisini, nahodha akamvutia kiti cha plastiki. Akataka kukaa.

Magoti yakagoma.

Hakusikia maumivu. Alisikia kama mtu amemtia mikono makwapani kwa nyuma, anamnyanyua. Akajaribu tena. Mikono ikamnyanyua tena. Baridi, imelowa. Harufu ya chokaa ikampanda puani. Hapakuwa na mtu nyuma yake.

"Siku uliyonitajia kwa simu ipo," nahodha akasema, hajui lolote. "Ngome ina kivuli. Mama mzee atapanda taratibu tu. Kaa basi tuelewane."

"Nimezoea kusimama," alijibu.

Usiku ule alikula wima, na kitanda kikamkataa vilevile. Kila alipojilaza, mikono ile ilimwinua. Mwishowe alisinzia ameegemea mlango, kama farasi. Kulipokucha alijikuta jikoni, mbele ya dirisha. Dirisha lile lilitazamana na ukuta wa jirani, lakini alijua, bila kuambiwa, kwamba nyuma ya ukuta ule, mbali, kulikuwa na bahari. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjwa begani. Ilibidi aukunjue kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Kazini msimamizi akamsifu mbele ya wenzake kwamba hakai hata wakati wa chai, mfano wa kuigwa. Daktari mmoja anayefahamiana naye alimpa vidonge vya maumivu, akamwambia, "Dawa yako ni kupumzika, dada." Alitamani kumpiga. Na mdogo wake hakuacha kutuma ujumbe: kofia za jua zinunuliwe? Mayai yachemshwe mangapi? Mama Pasi alimjibu yote, wima, macho yamemwiva kama pilipili.

Alasiri moja ya siku yake ya mapumziko alikuwa anamlisha mama uji, ameinama, jasho linamtoka. Mama aligeuza macho kutoka ukutani. Ilikuwa muda mrefu hajamtazama mtu.

"Mbona hukai, mwanangu?"

Akaweka kijiko bakulini. Akasema yote. Gati, benchi, buti zenye maji, maneno aliyoyatamka. Alisema huku analia, bila sauti, kama mtu ambaye hata kulia kumemchosha.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akashika ukingo wa kitanda. Akajisukuma. Akasimama, yeye ambaye tangu mazishi alikuwa hanyanyuki bila kushikwa.

"Kaa," alisema. "Mama yako atasimama."

"Mama, usiseme hivyo! Rudisha!"

Alikuwa amechelewa. Mikono ya makwapani ilimwachia, ghafla, akaanguka kitandani kama gunia. Alitaka kuinuka. Alitaka kweli, haki ya Mungu. Lakini usingizi ulikuwa umemsubiri siku zote zile, ukamfunika hapohapo.

Alipoamka chumba kilikuwa kimeingia giza jepesi la magharibi. Mama alikuwa dirishani. Wima. Mkono begani. Midomo inacheza.

"Bado… bado hawajaonekana…"

Mama Pasi akashuka kitandani. "Mama, kaa. Nakuomba. Mimi nitasimama."

"Sitaki." Mama hakugeuka. "Wewe umesimama vya kutosha kwenye maisha yako. Safari iko palepale?"

"Safari gani tena, mama! Naifuta kesho."

"Usiifute. Nataka nikaonane nao."

"Nao? Alikuwa mmoja."

Mama akasogeza uso karibu na dirisha.

"Si mmoja," alisema.

Mdogo mtu alipokuja na kumkuta mama amesimama, karibu arukeruke. "Mama kapona! Si niliwaambia? Upepo wenyewe hajaupata bado!" Mama Pasi hakumweleza ukweli. Angeonekana kachanganyikiwa. Akaenda kuchemsha mayai.

Siku ya safari ilikuwa ya jua zuri, la kukera. Kwenye boti mama alikataa kukaa, akashika nguzo ya turubai. Nahodha alinung'unika, mdogo mtu akasema, "Muache afaidi." Kisiwa kikaja, na ngome juu yake: kuta nene, nyeusi kwa chini na nyeupe kwa juu, na mizinga iliyooza imeelekezwa baharini.

Mtunza ngome alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mwavuli, amechoka na wageni. Alieleza kama mtu anayesoma ubao. Askari waliletwa hapa zamani, wakaambiwa meli itakuja na wenzao kuwapokea zamu. Meli haikuja. Amri ilikuwa mtu asikae mpaka apokewe. Chakula kikaisha, maji yakaisha.

"Walikutwa wameegemea ukuta, wima," akasema, akapiga mwayo. "Ndivyo tunavyosimuliwa. Mengine ni chumvi."

"Walikuwa wa wapi?" Mama Pasi akauliza.

"Hakuna anayejua. Wa mbali."

Mdogo mtu alikuwa keshapanda juu ya mzinga kujipiga picha. Mama akaanza kupanda ngazi za ukutani. Mama Pasi akamfuata, mama akamzuia kwa kiganja.

"Baki hapo. Wewe ukiwaona utawapisha tena. Nakujua."

Akabaki chini ya ngazi. Juu, mama alipotea nyuma ya ukuta. Kimya. Upepo. Halafu…

Buti.

Buti nyingi, zinasogea taratibu kwenye mawe. Zimejaa maji. Harufu ya chokaa ikateremka ngazi moja baada ya nyingine, nzito, mpaka akaziba pua.

Kisha akamsikia mama. Haikuwa sauti ya mjane wa ukingoni mwa kitanda. Ilikuwa sauti ileile iliyokuwa ikiwaita watoto wake ndani giza likiingia, sauti ambayo hakuna aliyewahi kuibishia.

"Haya! Imetosha! Hakuna anayekuja tena, mnanisikia? Kazi imekwisha. Nendeni nyumbani!"

Kimya.

Kisha sauti ya magoti. Ko… ko… ko… Ikaanzia mwisho wa ukuta, ikaja, ikapita juu ya kichwa chake, ikaendelea hadi upande wa pili. Na pumzi ndefu, za watu wengi, zikatoka kwa pamoja. Ndege wote wa ngomeni wakaruka.

Mama aliteremka amejishikiza ukutani. Alipofika ngazi ya chini, akakaa. Alikaa vizuri kabisa, kama mtu yeyote. Akamlilia mume wake kwa mara ya kwanza, kwa sauti, mpaka mtunza ngome akaja na maji. Mama Pasi akakaa pembeni yake, akamkumbatia. Alidhani yamekwisha.

Wakati wa kurudi injini iliguna kupita kiasi.

"Mmebeba mawe ya ngome nini?" nahodha akauliza. Aliinama akatazama ubavuni. Maji yalikuwa yamepanda, yamebakiza kidogo tu kuingia ndani. "Tulivyokuja si tulikuwa hawahawa?"

"Mayai ya dada hayo," mdogo mtu akatania.

Mama alikuwa amejibana mwisho wa kiti, magoti ameyakusanya, kama mtu anayewapisha wengine nafasi. Mama Pasi akamsogelea sikioni.

"Mama. Uliwaambia waende wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Mama akamgeukia.

"Sikusema kwa nani," alinong'ona.

Sasa mama ni mzima. Anakwenda sokoni mwenyewe, anasalimiana na majirani, anasuka ukili wa mkeka mlangoni huku anaimba chini chini. Ndugu wanamsifu mdogo wao kwa wazo lake, na yeye ameshaanza kuzungumzia safari nyingine. Hakuna aliyeuliza kwa nini dada mkubwa amekonda.

Kila jioni Mama Pasi anarudi kutoka kazini, anavua viatu mlangoni, anaingia sebuleni. Mapazia mama ameyashusha. Chokaa inanuka. Mito ya makochi imebonyea, yote. Anagusa kochi la kwanza: la moto. La pili: la moto. Stuli ya jikoni imelowa. Chumbani, kitandani kwake, shuka alilolitandika asubuhi limejikunja, na kuna pumzi… nyingi… zinapanda na kushuka.

"Mama," anaita.

Mama anatokea na kidole mdomoni. Uso wake una huruma, huruma tu.

"Shhh. Usiwaamshe, mwanangu. Wamechoka sana."

Mama Pasi anaegemea mlango, anafumba macho. Magoti yake hayana tatizo siku hizi, yanakunjika bila shida. Pa kukaa ndipo hapana.