Mgongo wa Mzee Ismail

Kila alfajiri Zuena alichemsha uji, akafua shuka za baba mkwe wake, kisha akakimbia shuleni Matungu, alikokuwa mpishi. Kila siku alifika amechelewa.

"Wanafunzi hawali jasho lako," Priscah, mkubwa wa jikoni, alimwambia. "Ukichelewa tena, baki huko huko."

Zuena hakumwambia kwamba nyumbani Mzee Ismail alikuwa amelala chali tangu kiharusi kimpige. Kwao mkamwana hamgusi baba mkwe. Ni aibu kubwa. Mtoto wake, Swaleh, mume wa Zuena, aliruhusiwa. Lakini Swaleh alimwinua asubuhi tu, shuka itolewe, akaenda senta, pale madukani, kungoja kazi ya kukata miwa.

"Kuosha mgonjwa ni kazi ya wanawake," alisema.

Asubuhi moja nyumba ilinuka. Zuena hakwenda kazini. Alimwita jirani yao Swafia, mhudumu wa afya wa kijiji. Swafia alimgeuza mzee. Chini ya kiuno, nyama ilikuwa imeoza.

"Nani anamgeuzanga?"

Zuena alimtazama mumewe, aliyekuwa bado mlangoni.

"Swaleh, wewe ulizaliwa na senta?"

"Dada Swafia, usinitusi mbele ya baba."

"Baba ndiye anaoza! Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Ngozi ioshwe, ikaushwe. Kidonda hiki ni cha hospitali, leo hii. Mkirudi, Zuena apike na kufua. Mwili wa baba ni kazi yako, Swaleh. Na wewe Zuena, mkubwa wako anajua una mgonjwa?"

"Niliona haya kumwambia."

"Angekupa zamu ya baadaye. Sasa je?"

Mzee alifungua mdomo uliopinda. Maneno yalitoka polepole.

"Swaleh. Mama yako alipokufa... nani alikuosha?"

 Swaleh aliinama, akambeba baba yake kwenda hospitali.

Siku hizi Swaleh humgeuza na kumwosha mwenyewe. Wenzake wa senta walimcheka, wakamwita mama mzazi. Kisha mmoja wao akaja kwa siri kuuliza mgonjwa anageuzwa aje. Kidonda kimefunga.

Mzee alipotoka hospitali, Zuena alirudi shuleni, akaeleza yote.

"Ungeniambia mapema, mama," Priscah alisema kwa upole. "Ningekupangia zamu."

Nyuma yake, mwanamke mwingine alikuwa akikoroga sufuria ya Zuena.

"Ikipatikana nafasi, nitakuita."

Zuena alifika nyumbani. Mlangoni alisikia sauti ya mumewe: "Baba, nishike shingo. Haya, geuka."

Alisimama hapo nje, mikono mitupu, akasikiliza.