Mchezaji wa Kumi na Mbili

Jumamosi ya kwanza ya msimu niliamka na furaha zangu. Saa nne asubuhi nilikuwa nimeshaegesha gari kwenye nyasi nje ya uwanja wa chuo, kambare wanachemka kwenye mafuta, bendi inajaribu ngoma zake. Hapa Mississippi makanisa tunayo mengi, lakini Jumamosi za vuli kila mtu yuko uwanjani.

Mwaka ule nilikuwa na sababu ya ziada. Marquel, mtoto wa kaka yangu, alipewa kazi ya kudaka mpira wa kuanzia. Kama huujui mchezo wetu huu, futiboli ya Kimarekani, ni hivi: wapinzani wanaupiga mpira juu kabisa, wewe unausubiri karibu na goli lako, na wanaume kumi na mmoja wanakujia mbio wakubomoe. Kaka yangu Lonzell alifia kwenye kazi hiyo hiyo, kwenye uwanja huo huo, Marquel akiwa bado tumboni. Nilikuwepo. Niliona mkono wake ukianza kupanda, maana mdakaji akinyoosha mkono haruhusiwi kuguswa. Kocha Hollins akamfokea kutoka pembeni. Mkono ukashuka, shingo ikavunjika.

Sasa ikaja sheria mpya. Zamani aliyenyoosha mkono alibaki pale pale alipodakia, karibu na goli lake, kwa hiyo timu ilipata hasara. Safari hii akinyoosha na kudaka, mpira unasogezwa mbele hadi yadi ya ishirini na tano, bure kabisa. Nilishangilia peke yangu sebuleni. Hollins, ambaye bado alikuwa kocha, hakushangilia.

“Mikono juu ni ya mtu aliyekamatwa na polisi,” aliwaambia vijana. “Atakayenyoosha kwangu avue jezi, na ada ajilipie mwenyewe.”

Kwa Marquel, aliyelipiwa ada na chuo kwa ajili ya mpira, kuikosa ni kwenda kunyonyoa kuku kiwandani maisha yake yote. Akanywea.

Mpira wa kwanza ulipopigwa, refa alitupa kitambaa cha njano, ishara ya kosa. Mmezidi, akasema, mko kumi na wawili. Wakahesabiwa, wakawa kumi na mmoja. Tulicheka, tukamtukana refa na macho yake. Wiki iliyofuata alikuja refa mwingine, akaona kosa lile lile. Ya tatu vilevile, na safari hiyo hakuna aliyecheka.

Jumapili Marquel alikuja kula kwangu. Hakugusa chakula.

“Shangazi,” alinong'ona, “kuna mtu anasimama nyuma yangu.”

“Nani?”

“Sijathubutu kugeuka. Namsikia tu akipumua. Anapumua kwa shida, hewa inamkwama kooni. Na kila wiki anasogea karibu zaidi.”

Kwa shingo ile iliyovunjika, nilimjua mara moja. Halafu nikapandwa na hasira. Lonzell nilimpenda kuliko ndugu zangu wote, lakini kama amekuja kumchukua mwanawe, basi mimi na yeye tungeonana.

Siku ya wahitimu wa zamani kurudi chuoni uwanja ulifurika. Jua lilikuwa kali. Niliacha samaki wangu, nikashuka hadi kwenye uzio nyuma ya goli.

Nikamwona. Jezi ya kizamani, namba ishirini na moja. Kichwa kimelalia bega. Alikuwa amemkaribia Marquel kiasi cha kumgusa, na nyasi alizozikanyaga hazikulala.

“Lonzell!” nikapiga kelele. “Huyu humchukui! Unanisikia? Humchukui!”

Akanigeukia. Kichwa hakikugeuka naye.

Mpira ukapigwa. Bendi ikanyamaza. Miguu ikaanza kutikisa ardhi. Marquel macho juu, mikono chini. Mkono wa Lonzell ukanyanyuka. Ukapita juu ya bega la mwanawe. Ukamshika.

Mkono wa Marquel ukapanda juu, ukanyooka. Akadaka kwa shida kifuani. Filimbi ikalia. Hakuna aliyemgusa.

Hollins alimburuta kwa jezi hadi kwenye benchi. Nikaruka uzio, mama mzima na magoti yangu haya.

“Nilikwambia nini wewe?”

“Sikunyoosha mimi, Kocha.”

“Alinyoosha bibi yako?”

Marquel akabandua utepe wa mkononi. Alama za vidole zilikuwa nyeusi, zimezunguka kiganja kinapoanzia. Cha mwisho kilikuwa kifupi. Mlango wa gari la baba yetu ulikikata kidole hicho Lonzell akiwa mtoto. Hollins alikijua vizuri, alikuwa akikifunga plasta kabla ya kila mechi.

Akakitazama, akarudi nyuma hatua moja. Lakini ubishi ukishamkaa mtu hautoki. “Utarudi uwanjani,” akasema polepole. “Na huo mkono ukae chini.”

“Muulize Lonzell ilikuwaje alipoushusha,” nikamwambia.

Marquel alirudi. Kabla ya mpira kupigwa alimkazia macho kocha wake. Ulipopaa, akanyoosha mkono mwenyewe, juu kabisa, akaupunga watu wote waone. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Akadaka, na kwenye benchi wenzake wakasimama, nao wakanyoosha mikono yao mbele ya uso wa Hollins. Nililia bila aibu. Hakuna aliyevuliwa jezi siku ile, na kitambaa cha njano hakikutupwa tena msimu mzima.

Alama za Marquel zilififia zikaisha. Sasa ni mwalimu, anadai shingo yake haijawahi hata kuuma.

Hollins alistaafu. Juzi nilimkuta kanisani, ameukalia mkono wake wa kulia kama mtoto aliyeficha kitu. Tulipoinuka kuimba, mkono ukamponyoka. Ukapanda wenyewe, ukanyooka, ukabaki pale. Mkono wa shati ukateremka hadi kwenye kiwiko. Niliziona alama za vidole, nyeusi, mbichi, na ile ya mwisho fupi.

“Vernell,” akaninong'oneza, jasho linamtiririka, “nisaidie kuushusha.”

Niliendelea kuimba.