Zahanati Isiyouliza Nani

Mlango wa zahanati uligongwa adhuhuri, jua likiwa utosini, na muuguzi akaitikia kama alivyozoea: "Ingia." Mlango ukafunguka, ukajifunga. Hakuingia mtu.

Alicheka peke yake, maana hakuwa na wa kucheka naye. Miaka yote ya vita, wauguzi hawakuuliza "nani?" Kumuuliza mtu jina kulikuwa kumuuliza yuko upande gani, na mgonjwa angegeuza njia akafie porini. Walisema ingia, basi. Sasa vita vimekwisha, kuta zimepigwa rangi, wenzake ama wamekufa ama wamehama, na yeye amebaki na vitanda vipya visivyolaliwa. Wizara ilishasema wagonjwa wasipokuja, zahanati itafungwa.

Kesho yake kitanda cha mwisho kilikuwa na joto. Kisha harufu ya udongo mbichi ikajaa wodini, na nyuma ya pazia akasikia mtu akivuta pumzi, polepole, kila alipovuta yeye, akiishusha kila aliposhusha yeye, hata muuguzi akaibana yake mpaka kifua kikamuuma, na kule nako kukawa kimya, kukimsubiri. Mama wawili waliochungulia siku hiyo walitoka mbio.

Akamwita mganga wa kutoa majini, bibi aliyekuja akichechemea na kuomba kwanza vidonge vya goti.

"Jini umemkaribisha mwenyewe, mwanangu," bibi alinong'ona. "Jengo lilikaa tupu, naye alikaa nalo. Tangu leo uliza nani. Hawa hawana jina la kukujibu."

"Na mgonjwa akiogopa kujibu, bibi?"

"Ataenda zake."

Bibi alifukiza kila pembe, akamtoa. Wodi ikabaki safi na tupu. Muuguzi alijiona mpweke kuliko siku zote. Hata ile pumzi aliitamani, akaona aibu kuitamani.

Jioni moja ya mvua, mlango ukagongwa.

"Nani?"

Akasikia nyayo zikirudi nyuma matopeni, halafu kikohozi cha mtoto, cha kifua kilichoziba. Hapakuwa na zahanati nyingine ya kwenda.

"Ingia," akasema.

Mama akaingia, mtoto mgongoni, macho chini. Nyuma yake mlango ulikawia kujifunga, kama kuna mwingine aliyekuwa akipita. Harufu ya udongo ikaingia nao. Kitanda cha mwisho kikalia kama kimelaliwa.

Mama akalitazama pazia. "Afadhali una mgonjwa mwingine, dada. Nilidhani uko peke yako."

"Siko peke yangu," alisema muuguzi, akampokea mtoto.