Kikohozi cha Ramazani

Siku ya arobaini ya marehemu Ramazani ilianza kama shughuli zote za mji wa Kasongo: wanawake wakaosha mchele, wanaume wakatandika mikeka uani. Feza, fundi wa sauti wa redio, alisimamisha maikrofoni nne, moja kila pembe ya ua. Jioni ile wazee wangeamua kama mama yake mdogo, Sifa, afukuzwe nyumbani.

Ramazani, mume wa Sifa, alifukiwa na udongo mwekundu katika shimo la dhahabu kule Lusangi. Tangu hapo, kila iliposomwa dua, kikohozi chake kilisikika. Alimasi, ndugu wa marehemu, aliyeidai nyumba yao, alikirekodi kwa simu na kuwasikilizisha watu. Kinatoka kinywani mwa mjane, alisema. Amemfunga marehemu, atoke nyumbani hata kabla ya eda kuisha. Alipokuwa akirekodi, simu hiyo ilikuwa imewekwa kwenye mkeka wa Sifa.

"Simu iko na sikio moja," Feza alimnong'oneza. "Haijue fasi sauti inatoka, ni mbele ao nyuma."

"Miye sitoke," Sifa akajibu.

Baada ya adhuhuri dua ikaanza. Kikohozi kikaja. Macho yote yakamgeukia Sifa.

"Mumesikia," Alimasi akasema. "Mutoto wa redio, uchawi haupimwe na nyaya."

Feza aliweka spika nne palepale penye maikrofoni, akamwomba kila mtu abaki alipoketi, akawasha rekodi.

Dua ikasikika mbele, kifuniko cha sufuria kulia. Upande wa Sifa zilisikika tasbihi zikigongana, na pumzi yake. Pumzi tu.

Kikohozi kilianzia mlangoni, nyuma yao. Watu wakageuka. Hapakuwa na mtu. Kikapita migongoni mwa wazee. Kikakaribia. Kikasimama kwa Alimasi.

Feza akaongeza sauti. Maikrofoni zilikuwa zimenasa hata kile ambacho masikio yao yalikikosa.

"Sogea."

Ilikuwa sauti ya Ramazani.

Alimasi akasogea. Kisha akainuka, akatoka bila viatu. Hakuidai tena nyumba ile.

Feza alizima mashine. Mkekani, kando ya pale alipoketi Alimasi, palikuwa na alama mbili za magoti, za tope jekundu. Mvua haikuwa imenyesha wiki tatu. Jirani mmoja akachukua ufagio.

"Acha," Sifa akasema. "Yeye iko kwake. Na miye niko kwangu."

Mwezi mwingine ulipoandama, tope lile lilikuwa bado bichi.