Chiriku Anaanguka Jumanne

Saa tisa na nusu alasiri ya Jumatatu, maneno manne yalitokea kwenye kioo kikubwa cha ukumbi wa kituo cha anga cha Kitulo: NIMEONJA MARA YA 412.

Maneno hayo yalikuwa yamesafiri saa moja na dakika ishirini kutoka Zohali, na aliyeyaandika hakuwa mtu. Alikuwa Chiriku, chombo cha anga chenye ukubwa wa lori, ambacho kwa miaka ishirini na minane kilikuwa kikiizunguka sayari ile ya pete. Mara kwa mara kilipita ndani ya manyunyu yanayofuka kutoka kwenye nyufa za mwezi wa barafu uitwao Enseladusi. Hapo kilifungua kionjamaji chake, kikombe cha metali ya titani kisichozidi kiganja cha mtoto, kikadaka matone yaliyokuja kwa kasi kupita risasi, kikayapasha moto, kikayachambua chembe kwa chembe. Akili unde iliyokaa kifuani mwake ilisoma majibu na kuyatuma nyumbani kwa Kiswahili kifupi, kama ilivyofundishwa. Kwa kuwa haikunyamaza hata siku moja, waliiita Chiriku, na baada ya muda hakuna aliyesema "kile chombo" tena. Walisema "yeye".

Neno la tano likafuata: WAPO.

Hakuna aliyepiga makofi. Miaka mitatu nyuma, neno hilo lilipotokea mara ya kwanza, watu wazima walilia ukumbini, na magazeti ya dunia nzima yakaandika kwamba ndani ya maji ya mwezi ule kuna vijidudu hai. Sasa "wapo" lilikuwa kama salamu ya asubuhi.

Mstari wa mwisho ndio uliomfanya Mhandisi Sekela Mwakalinga aache kikombe chake cha chai hewani.

INJINI IMEKOHOA. IMEWAKA SEKUNDE SITA KATI YA TISA.

"Mapovu tu hayo, dada Sekela," alisema Lwitiko, mwendesha dishi, bila kugeuza shingo. "Hesabu inaonyesha tangini kuna kilo kumi na moja. Ijumaa kilo nne zinatosha."

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kuagana. Chiriku alikuwa amezeeka, na sheria ilikuwa wazi: kabla mafuta hayajaisha, asukumwe aingie ndani ya Zohali, akaungue huko. Akiachwa azurure, mvuto wa miezi ungemvuta huku na huku, na siku moja angeiangukia barafu ya Enseladusi akiwa na vimelea vya duniani vilivyolala katika nyaya zake. Vimelea hivyo vingeweza kuwamaliza wale aliowagundua mwenyewe. Wageni mia mbili walikuwa njiani kuja Kitulo. Kulikuwa na waziri, kwaya ya shule, na wazee wote waliokiunda chombo.

Sekela aliweka kikombe mezani, akasimama. Akaenda dirishani, akarudi. Akafungua droo, akaifunga bila kutoa kitu. Nje ukungu ulikuwa ukitambaa juu ya maua ya nyanda za juu, na dishi, pana kama uwanja wa mpira, lilionekana nusu tu.

"Una nini?" aliuliza Lwitiko. "Unahangaika kama kuku anayetaka kutaga."

"Sina kitu."

Alikuwa nacho. Miaka sita iliyopita, katika kukagua takwimu peke yake, aligundua kuwa vali ya tatu ya tangi inavuja. Kilikuwa kiasi kidogo sana, kama mtu anayepumua usingizini. Kanuni za kituo zilisema safari ya chombo kinachovuja ikomeshwe mwaka huohuo, maana hakuna anayeweza tena kuiamini hesabu ya mafuta yake. Sekela alikaa na kalamu mkononi, kisha katika daftari la kituo akaandika: *kosa la kipimo*. Alijiambia ni miezi sita tu. Lakini miezi sita ilizaa mwaka, mwaka ukazaa mwingine, na katika mwaka wa tatu likaja lile neno, wapo. Baada ya hapo angemwambia nani?

Sasa alipiga hesabu upya, safari hii akiingiza kila pumzi iliyovuja. Akapata kilo nne na nusu. Akarudia mara tatu. Siku za karibuni uvujaji ulikuwa umezidi; kila siku ingepungua nusu kilo. Ijumaa, mbele ya waziri na kwaya, amri ingetumwa, injini ingekohoa na kuzimika, na hakuna ambaye angejua kwa nini. Wangesema ni uzee, na pengine wangempa Sekela pole.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililomwondoa kitini. Alipanda ngazi hadi ofisi ya mkurugenzi kabla miguu haijabadili nia.

Dakta Mbonea Kiangi alikuwa mdogo kuliko Sekela kwa miaka kumi na tatu, na Sekela ndiye aliyemfundisha kazi. Alimsikiliza akiwa ameshika orodha ya wageni. Sekela alipofika mwisho, karatasi ilikuwa bado hewani.

"Miaka sita, mama?"

"Sita."

"Na sahihi yangu iko kwenye kila ripoti."

"Iko. Nilikudanganya na wewe pia."

Mbonea aliinuka, akageukia ukuta. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa kavu. "Nafasi ya kumsukuma ni lini?"

"Anapofika mbali kabisa na sayari. Ni kesho saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Tukituma amri saa kumi na moja alfajiri, itamfikia kwa wakati. Tukiikosa hiyo, nafasi zinazofuata siwezi kuziapia."

"Na wageni?"

"Watakuta ameshaanguka."

"Profesa Nakiete?"

Profesa Nakiete Mbwambo alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa kituo. Ndiye aliyezunguka wizara kwa miaka tisa akiomba fedha za chombo ambacho wengi walikicheka, na ndiye aliyemtoa Sekela kwenye karakana ya redio Tukuyu akamleta hapa. Sasa alikuwa na miaka themanini na sita. Daktari alimkataza ndege, kwa hiyo alikuwa ameondoka Same kwa gari asubuhi hiyo, mwendo wa polepole, akilala njiani siku tatu.

"Utampigia wewe," alisema Mbonea. "Na kuanzia sasa hugusi mtambo wowote. Amri ataituma Lwitiko. Ukumbini unaweza kukaa, siwezi kukufukuza kwenye msiba."

Alimpigia jioni. Profesa alisikiliza hadi mwisho.

"Unajua nilichokuwa nasubiri?" alisema mwanamke yule mzee. "Sikusubiri wapige hotuba. Nilitaka niwe chumbani anapokata roho. Nilimpeleka mimi, nilitaka nimpokee mimi. Umeniibia, Sekela."

"Profesa, bila miaka ile tusingejua kwamba wapo."

"Usinitajie hao. Usijifiche nyuma ya vijidudu." Simu ikakatwa.

Sekela alibaki ameshika simu. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa amekusudia kusema hivyohivyo kwa kila mtu, na sasa aliona jinsi lilivyokuwa neno la mkwepaji, ingawa kila herufi yake ilikuwa kweli.

Alfajiri Lwitiko alituma amri. Alifanya kazi bila kumwangalia Sekela, mabega yamekakamaa, na alipomaliza alikiambia kioo, si yeye, "Ungeniambia mimi, dada. Ningeibeba siri hiyo na wewe."

Hilo nalo Sekela alilimeza.

Saa mbili asubuhi jibu lilifika: INJINI IMEWAKA. SEKUNDE 71. TANGI TUPU. NJIA NI SAHIHI.

Zilihitajika sekunde sitini na nane. Mbonea aliangalia namba hiyo, akajipangusa uso kwa viganja viwili. Chiriku alikuwa ameanza kuanguka, na safari hiyo ingechukua saa nane.

Siku ile haikwisha. Sekela alitembea ukumbini hadi walinzi wakamzoea, akahesabu vigae vya sakafu, akasahau idadi, akaanza upya. Chiriku aliendelea kusema. NAPITA NDANI YA PETE. VUMBI KIDOGO. Baadaye: NAONA MAWINGU. Watu kumi na mmoja tu ndio waliokuwa ukumbini, na mmoja wao alikuwa mfagizi aliyesimama na fagio lake mlangoni.

Saa kumi na dakika kumi jioni mstari wa sauti, ule mlio mwembamba wa redio, ukaanza kutetemeka. Kisha ukakatika, kama uzi uliofika mwisho wa kibiringo.

Mbonea alisubiri dakika tano. "Andika saa," alimwambia Lwitiko.

Mchana wa Alhamisi Sekela alikwenda kusimama langoni. Hakutumwa. Kitambulisho chake kilikuwa kimeshachukuliwa, na barua ya kuitwa mbele ya tume ilikuwa mfukoni. Wageni walipofika mmoja mmoja, alikwenda kwenye kila gari, akajitaja jina, akasema alichofanya. Wengine walimtukana. Mhandisi mstaafu mmoja kutoka Kigoma alimkumbatia, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulibeba.

Gari la Profesa Nakiete lilikuwa la mwisho. Dereva alishusha kioo cha nyuma. Profesa alikuwa amejifunga vitenge viwili juu ya sweta, mdogo kuliko Sekela alivyomkumbuka.

"Shikamoo, Profesa."

Mzee hakuitikia. Alimwangalia kwa muda, upepo ukipuliza ukungu kati yao.

"Ulikuwemo chumbani?"

"Nilikuwemo."

"Basi panda. Nieleze dakika zake za mwisho, zote. Ukiruka hata moja nitajua."

Sekela alipanda, akafunga mlango. Alianza na mtetemeko wa mlio. Akaeleza jinsi hewa ya Zohali ilivyoanza kumsukuma Chiriku kichwa, na jinsi yeye, tangi likiwa halina kitu, alivyotumia magurudumu yake ya kujigeuza, moja baada ya jingine, ili antena isiache kuitazama Dunia. Gurudumu la kwanza lilishindwa katika sekunde ya ishirini, na la pili katika ya hamsini. Kwa sekunde thelathini na nne zaidi alijishikilia kwa lile moja lililobaki, akituma joto, mgandamizo, kasi, akituma tu, hadi lilipomzidi nguvu. Hapo Sekela alishindwa kuendelea. Akaegemea kiti cha mbele, akalia kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Profesa Nakiete alimngoja hadi amalize. Macho yake mwenyewe yalikuwa makavu, yakitazama mbele ambako hakukuwa na kitu ila weupe.

"Thelathini na nne," alisema kwa sauti ndogo. Kisha, kana kwamba salamu ilikuwa imetolewa sasa hivi, "Marahaba."