Anayegonga Ndani ya Pampu

Siku ile ilianza vizuri tu. Gael Mukalay, jirani yetu, fundi umeme wa magari kwenye barabara ya kutoka Kolwezi kwenda Mutshatsha, alifungua gereji, akafagia vumbi jekundu, akanywa chai. Nyumbani alimwacha mama yake, Mama Tshibola, amesimama mlangoni. Tangu mvua zianze mama huyo hakuwa na kazi nyingine ila kuchungulia kila pikipiki inayotoka Kasaji. Mwanawe mdogo, Elisée, mchimbaji wa kobalti, eti alikuwa amehamia huko bila kumuaga mtu. Hayo yalikuwa maneno ya Barnabé, tajiri mwenye shimo alimochimba Elisée, na shimo lenyewe liko wapi alikataa kusema. Gael hakuyaamini hata kidogo. Alitaka kujua ndugu yake yuko wapi, ili mama aache kusimama pale.

Ndipo Barnabé mwenyewe akaingia na gari lake, bila hodi wala salamu. Mtu huyu ana dharau kama amezaliwa nayo. Mafundi wengine wa mjini walikuwa wamemkimbia, la sivyo asingekanyaga pale.

"Angalia hii pompi," alisema. "Mi nalala, yeye anatembea tu. Kila asubui batri inakufa. Tengeneza mbio, kijana, mi sina na wakati."

Gael alifungua boneti. Pampu ya maji ilikuwa ya umeme, na haikutoka kiwandani na gari lile. Mtu alikuwa ameifunga mahali pa ile ya zamani kwa nyaya za kuungaunga. Injini ilikuwa imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwa Barnabé, na pampu inanguruma. Kwa fundi hilo si jambo la ajabu. Rilei, ile swichi ya pampu, ikinata, umeme hauachi kupita. Gael akabadilisha rilei. Pampu ikaendelea. Akachomoa fyuzi. Ikaendelea. Akafungua nyaya za betri, akaitoa betri yenyewe, akaiweka sakafuni.

Pampu ikasimama. Gael akashusha pumzi.

Kisha ikaanza tena.

Akachomoa soketi ya pampu, akaweka mita kwenye nyaya. Sifuri. Hapakuwa na umeme wowote, na pampu ilizidi kunguruma, imeshikwa na skrubu zake na mipira ya maji basi. Gael aliogopa sasa. Alifungua mfuniko wa rejeta. Ndani mlikuwa na tope jekundu, la baridi.

"Tata Barnabé, hii pompi uliitoa wapi?"

"Ile haiko mambo yako. Tengeneza."

Fundi akitaka kujua beringi ya pampu ni nzima, huweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya pampu na mpini sikioni. Gael alifanya hivyo, kwa mazoea tu. Hakusikia beringi. Alisikia mtu anagonga.

Mara mbili. Kimya. Mara moja.

Wanaochimba mashimo yenye maji wanaelewa. Maji yakipanda, aliye chini huugonga kwa jiwe mpira unaoshuka kutoka kwenye pampu, na aliye juu huwasha pampu. Kila mmoja ana namna yake ya kugonga, ili wa juu wajue ni nani anayeomba. Mara mbili, kimya, mara moja: ndivyo Elisée alivyogonga hata mlango wa nyumbani, na Mama Tshibola alimfungulia bila kuuliza nani.

Gael alichukua spana. Akagonga vilevile juu ya pampu.

Pampu ikazima. Halafu jibu likaja kutoka ndani, wazi, bila bisibisi. Lilikuja haraka haraka, la mtu ambaye hatimaye amesikika.

"Uliitoa mu shimo," Gael alinong'ona. "Elisée alikuwa angali mu chini."

Barnabé alirudi nyuma. "Pompi ya gari yangu ilikufa. Batu balikuwa bananingojea ku mji. Maji ilikuwa kidogo tu. Nilisema nitairudisha." Kisha uso wake ukakauka. "Ukifungua kinywa, weye pia utamufuata."

Akamsukuma Gael, akabamiza boneti, akaruka garini, akazungusha ufunguo.

Gari likawaka. Likatoka kwa kasi. Betri ilikuwa bado sakafuni, miguuni pa Gael.

Gael aliwaita majirani. Waliufuata mstari wa tope jekundu barabarani hadi nyuma ya mikaratusi, mahali penye shimo lililofukiwa. Gari lilikuwa pale juu, milango imefungwa kwa ndani, viti vimelowa chapachapa. Barnabé hakuwemo. Pampu ilikuwa kimya.

Walichimba. Wakamkuta Elisée, na jiwe bado mkononi. Walishuka mpaka kwenye mwamba wakimtafuta Barnabé pia, hawakumwona. Wakalifukia shimo. Mama Tshibola alimzika mwanawe, akalia, na kesho yake hakusimama mlangoni.

Baada ya mazishi mwalimu mmoja alileta gari lake gerejini, pampu inapiga kelele. Gael akaweka bisibisi sikioni.

Mtu alikuwa anagonga. Huyu hakuwa na mpangilio. Aligonga ovyo, kwa pupa, kama mtu ambaye hajawahi kushuka shimoni na hakufundishwa namna ya kuomba pampu. Gael alisikiliza kwa muda mrefu. Alijua ni nani, na alijua ni shimo gani la kufukuliwa.

"Kuko nini, fundi?" mwalimu akauliza.

"Hakuna kintu," Gael alisema. "Ni beringi tu."

Hadi leo akiweka bisibisi juu ya pampu yoyote, anamsikia. Spana iko karibu na mkono wake. Hajamjibu.