Upande wa Ndani wa Mpini

Fundi wa visu na nyembe alikutwa chini ya benchi lake saa nane na nusu mchana, uso umezama kwenye unga wa pembe, damu ikimchuruzika nyuma ya sikio. Alikuwa hai, lakini kwa mbali. Mkewe, aliyetoka nusu saa tu kwenda kununua msasa, ndiye aliyemkuta akapiga yowe lililojaza mtaa.

Inspekta alipofika, gari la wagonjwa lilikuwa limeshaondoka. Akawatawanya watazamaji kwa jicho moja, akavaa glavu.

"Kesi mteremko hii, afande," koplo alisema. "Mtuhumiwa tunaye. Dada wa yule kinyozi wa mtaa wa pili. Jirani alimwona akitoka hapa saa saba. Yuko garini, nimemtia pingu."

"Ameiba nini?"

Koplo akakuna kisogo. "Hilo ndilo bado."

Inspekta akazungusha macho. Keekee ya umeme, ya kutobolea, ipo. Droo ya fedha haijaguswa. Kando ya jiliwa, kile kibanio cha chuma cha benchi, ulilala wembe wa kukunja wa zamani, chuma kitupu bila mpini, umesuguliwa hadi unang'aa kama kioo. Kwenye kona ya jiliwa palikuwa na damu na unywele mmoja.

"Hakupigwa. Alisukumwa, kichwa kikagonga hapa. Chukueni sampuli." Akamgeukia mke wa fundi, aliyekuwa akimsubiri shemeji yake ampeleke hospitali. "Mama, kuna kilichopungua?"

"Vibao. Vile viwili vya mpini wa zamani. Vilikuwa na ufa, ndiyo maana wembe ukaletwa. Mume wangu hatupi cha mtu; huvifunga kwa uzi akamrudishia mwenyewe."

"Vina thamani?"

"Vya kuwashia moto. Vimepakwa rangi nyeusi, watu wote walidhani ni mbao. Dada mtu alipokuja saa saba, mpini ulikuwa haujafunguliwa. Alipoondoka tu, mume wangu akang'oa ribiti, zile pini zinazoshika vibao, akakuta ndani ni pembe. Akacheka peke yake, akapiga simu kwa kinyozi. Saa nane mimi nikatoka kufuata msasa."

"Na mpini mpya ataupimaje, ikiwa wa zamani haupo?"

Mama akafungua kabati, akatoa kipande cha pembe ya nyati kilichobandikwa karatasi. "Hupaka kibao masizi, akakigandamiza kwenye karatasi. Kikiacha umbo lake, anabandika, anakata kwa kufuata."

Umbo lilikuwa jeusi, refu, lenye kiuno. Katikati yake palikuwa na mikwaruzo myeupe.

Koplo akachungulia. "Hii si lugha ya watu, afande."

"Ni lugha yako hiyohiyo, imegeuka tu." Inspekta akauinua ule wembe uliong'arishwa, akausogeza mbele ya karatasi, akasoma ndani ya chuma. Maneno manne. Akatabasamu.

Mama aliporidhia, akaibandua karatasi taratibu, wakatoka. Garini, dada wa kinyozi alikuwa amekaa wima, pingu mapajani. Vidole vyake vilikuwa na sugu za jiwe la kunolea.

"Mpini wa wembe wenu ulikuwa wa nini?" Inspekta alimuuliza.

"Mbao. Baba alisema mpingo."

"Uliupelekea nini kwa fundi?"

"Jumamosi kaka anatimiza miaka ishirini kwenye kiti cha baba. Nilitaka nimpe wembe wa baba ukiwa mpya. Afande, yule fundi akifa nitafungwa maisha. Na sijamgusa hata kwa ukucha."

"Hutafungwa. Twende dukani kwenu."

Duka lilikuwa na kiti kimoja, kioo kimoja kikubwa na benchi walilokalia wateja wawili. Kinyozi, ambaye mji mzima ulimwita Mkono wa Baba, alikuwa akimnyoa mzee mnene. Shavu moja safi, jingine povu.

"Fundi amejeruhiwa vibaya," Inspekta alisema. "Vibao vya mpini wa wembe wenu vimeibiwa."

Kinyozi akamtazama dada yake, akatikisa kichwa. "Dada, kwa vipande viwili vya pembe mbovu?"

"Vya nini?"

"Vya pembe."

"Dada yako anasema mbao."

"Yeye anajua nini?"

"Anajua mlichokijua nyote hadi leo saa saba. Wewe umejua lini?"

Kinyozi akafuta wembe aliokuwa nao kwenye taulo. Akaufuta tena, ingawa ulikuwa mkavu. Inspekta akatoa karatasi, akaielekeza kwenye kioo. Mzee mwenye povu, aliyekuwa akitazama huko huko, akasoma kwa sauti kabla hajaombwa.

"Mkono ni wa binti." Akageuza shingo. "Binti yupi tena?"

"Baba yenu alilichora hilo upande wa ndani wa mpini," Inspekta alisema. "Fundi alikupigia simu."

"Alifurahi kama mtoto," kinyozi alisema polepole. "Akaniambia njoo uone baba yenu alimwandikia nini dada yako. Nikaenda. Nikamwomba vibao. Akasema, aliyeleta ni dada, atapewa dada. Nikavuta, akavuta. Nikamsukuma. Vibao nimevitupa mtaroni."

"Kwa ajili ya duka?"

"Duka ni nini?" Sauti ikampasuka. "Ni jina, afande. Mkono wa Baba. Kila asubuhi huyu ananoa nyembe, mimi nanyoa, sifa nazikusanya, yeye anafagia nywele na kucheka. Nilijua mkono wa baba ni wake. Tangu tukiwa wadogo nilijua. Sikujua kama baba naye alijua."

Simu ya koplo ikalia. Akasikiliza, akaikata. "Fundi amefumbua macho, afande. Anauliza nani kamwachia jiliwa chafu."

Inspekta akaunyoosha mkono. Kinyozi akauweka wembe kiganjani, akanyoosha mikono afungwe. Koplo akazihamisha pingu kutoka kwa dada kwenda kwa kaka.

Dada hakuwa akimtazama ndugu yake. Alikuwa akiisoma karatasi kiooni, midomo ikitembea.

"Alijua, akaandika palipofungwa kwa ribiti," alisema. "Angesema mbele ya watu angepungukiwa na nini?"



"Jamani," mzee alisema kutoka kitini, "na shavu langu hili?"

Dada akapokea wembe kutoka kwa Inspekta, akaupitisha mara sita kwenye mkanda wa ngozi. Akamshika mzee kidevu kwa vidole viwili.

"Tulia, baba," alisema. "Na usizungumze."

Mzee akafumba macho. Wateja wawili waliokuwa wameshasimama kuondoka wakarudi kwenye benchi.